Chumvi Yenye Manyoya

"Hapa hakuna kisima, mwanangu."

"Na hii kamba, bibi?"

"Ya mbuzi."

"Mbuzi yuko wapi?"

"Ameenda kula."

"Ameenda bila kamba?"

"Ana adabu zake, hapotei."

Mkaguzi wa maji akafunga daftari. Ilikuwa saa tatu na nusu asubuhi, na huyo bibi kizee aliyekaa kwenye kigoda mbele ya nyumba ya mwisho alikuwa mtu wa kumi na moja kumdanganya tangu kupambazuka. Hapo hakuwahesabu wale walioliona gari la ofisi kwa mbali wakaingia ndani na kujifungia kama wanaodaiwa roho.

Akarudi garini, akakaa, akavua kofia, akajipepea nayo. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na mbili, mfupi, mwenye viatu vya mpira vilivyofika magotini na miwani iliyofungwa uzi nyuma ya kisogo. Dereva wake, mtu mzima mwenye tumbo na goti bovu, alimtazama kwa kioo.

"Hawana?"

"Hawana. Mtaa mzima hawana. Wanafua, wanapika, wanamwagilia mchicha, watoto wanaoga mpaka wanang'aa, lakini maji yanawashukia kwa maombi."

"Si wana bomba?"

"Bomba linatoka Jumatatu na Alhamisi. Leo Jumapili. Umeona ule mchicha?"

Sababu ya uongo ule aliijua, na ndiyo iliyozidi kumuudhi. Miaka minne nyuma maofisa wengine walipita mtaa huu wa bondeni na ndoo ya rangi nyekundu. Kila kisima kisicho na kibali kikapigwa alama, na wiki iliyofuata likaja lori la kifusi likavifukia. Tangu hapo, mtu wa serikali akiuliza kisima bondeni ni kama ameuliza bangi.

Lakini yeye alivihitaji. Katikati, kati ya mtaa wa juu na mtaa wa bondeni, palikaa kiwanda cha ngozi. Nyuma ya ukuta wake lilikuwapo shimo pana kama uwanja wa mpira, ambamo yalimwagwa maji ya kuoshea ngozi, yenye chumvi na dawa. Mkaguzi aliamini kwamba shimo lile linavuja chini kwa chini. Kesho saa nne kamati ya wilaya ingekaa, naye alitakiwa aonyeshe kwa tarakimu, si kwa maneno. Chupa zilizopelekwa maabara kupimwa dawa zingejibiwa baada ya wiki tatu. Shahidi pekee wa kesho alikuwa chumvi, kwa sababu chumvi hupimwa papo hapo.

Hesabu yenyewe haikuwa ngumu. Maji ya ardhini nayo hutelemka. Visima vya juu ya kiwanda vikiwa na maji matamu na vya bondeni vikiwa na chumvi, shimo linavuja, lifungwe. Vyote vikiwa na chumvi sawasawa, kiwanda kitasema ardhi ya huku ndivyo ilivyoumbwa, na shimo litaendelea kumwagiwa.

"Twende juu," alisema. "Kule angalau wana vibali. Hawawezi kunificha kilichoandikwa."

Kisima cha kwanza kwenye orodha kilikuwa cha Seremala, mtu mrefu mwenye penseli sikioni na vumbi la mbao mpaka kwenye kope. Alikuwa amefagia uwanja wote. Alikuwa ameweka hata kiti.

"Karibu, karibu! Pima, mama. Maji yangu watu wanatoka mbali kuyafuata."

Mkaguzi aliteremsha futikamba yenye kengele. Ilipogusa maji ikalia ti-ti-ti, akaandika: mita nane na robo. Akavuta ndoo, akatumbukiza kipimo cha chumvi, akasubiri namba zitulie. Maji matamu ya upande ule yalizoea kusoma mia nne, mia tano yakizidi.

Kipimo kikasoma elfu tatu na mia moja.

Akasuuza kijiti, akarudia. Elfu tatu na mia moja. Akatoa kichupa cha maji ya kujaribia, yanayojulikana namba yake, akakipima kipimo chenyewe. Kilikuwa kizima kabisa.

"Choo chako kiko wapi?"

Seremala akaonyesha. Kilikuwa hatua arobaini, tena upande wa chini wa kisima. Basi chumvi haikutoka chooni.

"Umewahi kusikia chumvi kwenye haya maji?"

"Chumvi? Haya?" Seremala akacheka. "Mke wangu kila siku ananilaumu nasema mchuzi hauna chumvi."

Kisima cha pili, kwa Mama Mapacha: elfu mbili na mia nane. Cha tatu, elfu tatu kasoro kidogo. Cha nne kilikuwa kilimani kabisa, juu ya kila kitu, mahali ambapo hata ungemwaga bahari kiwandani isingepanda kufika: elfu mbili na mia tisa.

Mkaguzi akasimama katikati ya njia, mkono kiunoni.

"Haiwezekani."

"Kipimo kimesema," alisema Dereva.

"Kipimo kimesema haiwezekani. Mwezi wa pili nilipima hiki hiki, kilisoma mia nne na ishirini. Nani amehamisha chumvi kilimani?"

"Mungu."

"Mungu ana kazi nyingine."

Hapo ndipo pikapu nyeupe ikasimama kando yao, akashuka mtu wa kiwanda, yule ambaye watu wote walimwita Bwana Mahusiano kwa kuwa ndiyo kazi yake: kusuluhisha, kuzika na waliofiwa, kugawa madaftari shuleni. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi hata mikunjo yake ingeweza kukata.

"Dada yangu! Jua lote hili? Ungesema tukakupa gari lenye kiyoyozi."

"Ninalo gari, kaka. Halina kiyoyozi lakini halina wa kunidai fadhila pia."

Bwana Mahusiano akacheka kwa adabu. "Haya, pole na kazi. Na pole kwa hizo namba. Ndiyo tulivyokuwa tukisema siku zote, ardhi ya huku ina chumvi yake ya asili. Juu, chini, kote. Si kosa la mtu."

"Namba gani?"

"Si hizo za… unazopima."

"Nimepima visima vinne. Daftari liko kwapani mwangu. Sijamwonyesha mtu, hata huyu dereva hajui kusoma maandishi yangu."

"Hayasomeki," Dereva alithibitisha.

"Sasa umejuaje kwamba kuna chumvi mpaka juu?"

Yule bwana hakubabaika. Aliangalia saa yake, akasema wazee wa zamani walikwisha kusimulia, akasema wataonana kesho kwenye kamati, akaingia garini. Lakini alipowasha alitia gia ya tatu badala ya ya kwanza, gari likaruka kama chura.

Mkaguzi aliifuata ile pikapu kwa macho mpaka ikapinda. Nyuma yake, kwenye bati la kubebea, palikuwa na vumbi jeupe lililogandia kwenye kona, kama unga.

"Geuza," alimwambia Dereva. "Turudi kwa Mama Mapacha."

Mama Mapacha alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto, na wakati huo alikuwa akimkuna mmoja wa mapacha wake kichwa.

"Umerudi, mama? Umesahau kitu?"

"Nimesahau kuuliza. Kuna mtu ametia kitu kwenye kisima chako wiki hii?"

"Aa, sasa hilo! Si nilitia mwenyewe? Chumvi."

Dereva akakohoa. Mkaguzi akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Ulitia chumvi kisimani."

"Kwa ajili yako! Tuliambiwa Jumapili anakuja mkaguzi. Mgeni aje akute maji na viluwiluwi? Tuonekaneje? Chumvi inaua wadudu. Mimi nilitia mifuko yote miwili. Yule jirani yangu ametia mmoja tu, mvivu, hata uwanja hajafagia."

"Na asubuhi nilipokuwa hapa, nimeinama kisimani kwako nusu saa nzima nikipima chumvi, hukuona haja ya kuniambia?"

"Hukuuliza."

"Nilisema kwa sauti, 'Hii chumvi imetoka wapi?'"

"Nilidhani unaongea na chombo chako."

Mkaguzi akakaa juu ya mtungi uliopinduliwa. Kuna uchovu wa miguu na kuna uchovu wa watu, na huu wa pili hauna dawa ya kuchua. Watu wa bondeni walimficha visima kwa hofu; watu wa juu walimharibia visima kwa heshima. Hakujua amlaumu nani.

"Mifuko hiyo mliipata wapi?"

"Tuliletewa. Yule bwana wa kiwandani, Jumatano, na pikapu yake. Nyumba zote tisa zenye kibali. Mtu mwema sana."

"Umebakiza?"

Mama Mapacha akaingia jikoni akatoka na mfuko wa plastiki wenye kiganja kimoja cha chumvi chini. Haikuwa chumvi ya dukani. Ilikuwa ya mawe mawe, kijivu kidogo. Mkaguzi akaimimina kwenye karatasi nyeupe, akaitandaza kwa ncha ya kalamu, akainama mpaka pua ikakaribia kugusa. Kisha akachukua kibano na kuchomoa kitu, kimoja, kingine, cha tatu. Vilikuwa vifupi, vigumu, vingine vyeupe, vingine vya kahawia.

"Dereva, hebu. Hivi ni nini?"

Dereva alizaliwa kwenye ufugaji. Hakuhitaji miwani.

"Manyoya. Ya mbuzi."

"Mungu wangu," alisema Mama Mapacha.

"Ngozi mbichi hupakwa chumvi isioze," Mkaguzi alisema taratibu, akiikunja karatasi. "Ikifika kiwandani inakung'utwa. Hii ilikwisha kulala mgongoni mwa mbuzi kabla haijalala kisimani kwako."

"Na mimi nimeionja kuona kama ni kali!"

Akaitia kwenye bahasha, akaandika siku, saa na mahali, akamtaka Mama Mapacha aweke sahihi juu ya gundi. Mama Mapacha akaweka, huku akitema mate pembeni.

Sasa ilibaki kuthibitisha. Chumvi iliyotiwa kwa mfuko haina ndugu ardhini: ukivuta maji ya kutosha inaisha, na maji ya asili yanaingia mahali pake. Walirudi kwa Seremala, naye akakiri kwamba mifuko yake aliimwaga kisimani jana yake, wakaanza kuvuta. Dereva akavuta ndoo ishirini, akalia goti. Seremala akavuta thelathini, akalia mgongo. Majirani walipopata habari ya manyoya walikuja wenyewe, wamefura, wakapokezana kamba, na mapipa, masufuria na beseni za mtaa mzima zikajaa maji ya kufulia. Ndoo ya thelathini kipimo kilisoma elfu mbili. Ya sitini, elfu moja na mia moja. Ndoo ya tisini, mia nne na themanini. Wakavuta kumi nyingine. Mia nne na sabini, ikatulia hapo.

"Maji yangu!" Seremala akapiga makofi. "Si nilisema?"

"Ulisema mengi," alisema Mkaguzi, lakini aliandika kwa raha kwa mara ya kwanza siku ile.

Raha haikufika garini. Saa nane na nusu, na alichokuwa nacho mkononi ni nusu ya ushahidi. Juu maji matamu, haya. Chini je? Kamati ingeuliza chini, naye angejibu nini, kwamba bondeni watu wanaishi kama mijusi?

"Nimezunguka nyumba kumi na moja," alisema. "Nimeonyeshwa kamba za kuanikia, ndoo za kuchezea, na mmoja alinionyesha mlango wa kutokea."

"Na yule bibi wa mbuzi," Dereva akacheka. "Mbuzi mwenye adabu. Mimi mbuzi wangu nilikuwa nawafunga kamba ya pima mbili, ile yake ilikuwa rundo zima, ungefunga tembo."

Mkaguzi akageuza kichwa polepole.

"Ilikuwa rundo."

"Rundo kabisa."

"Na ncha yake ilikuwa imelowa. Niliikanyaga ikaninyunyiza kwenye kiatu. Yote kavu, ncha tu imelowa, kama urefu wa mkono. Dereva, ni mbuzi gani anafungwa kamba ya mita saba, akalowa shingo peke yake?"

Dereva akawasha gari.

Bibi alikuwa pale pale kwenye kigoda. Safari hii palikuwa na mjukuu wake wa kike, binti wa miaka ishirini hivi, amempakata mtoto mchanga. Mtoto alikuwa ananyonya kitambaa kilicholowa maji, na kila kikikauka alilia mpaka kilowanishwe tena kwenye kikombe.

"Umerudi," alisema Bibi. "Mbuzi bado hajaja."

"Sijamfuata mbuzi. Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Asubuhi hukunisalimia."

"Asubuhi nilikuwa na hasira. Bado ninayo, lakini naomba radhi." Mkaguzi akachuchumaa, usawa wa kigoda. "Pale kwenye kona una banda la kuku. Halina kuku, halina kinyesi, halina hata unyoya. Lakini kuna njia ya miguu inayokwenda mpaka mlangoni kwake, na udongo wake ni mbichi. Kisima kiko chini ya banda."

"Kuku wametoka."

"Na mbuzi?"

"Bibi," alisema binti.

"Nyamaza wewe." Bibi akamkazia Mkaguzi macho. "Niliwaona wenzangu wakifukiwa visima. Jirani yangu alilia kama amefiwa. Kisima kile alichimba mwanangu kwa mikono yake, na nyumba saba zinakunywa hapo. Nikikuonyesha utakifukia?"

Siku nzima Mkaguzi alikuwa amelishwa uongo, na hapa angeweza kurudisha mmoja mdogo tu, wa kulainisha. Ulimjia mpaka mdomoni.

"Yakiwa mabaya, kitafungwa," alisema. "Sitakudanganya. Nitaandika nyumba saba ziletewe maji kwa gari mpaka bomba litengenezwe, na nitalipigania, lakini siahidi kwa niaba ya watu wengine."

"Na nisipokuonyesha?"

"Kesho kamati itaandika ardhi ya huku ina chumvi ya asili. Shimo litabaki. Wewe utabaki na kisima chako na kile kinachoingia humo."

Mtoto akalia. Binti akalowanisha kitambaa.

"Huyu ana kiu siku zote hivi?" Mkaguzi aliuliza.

"Kuliko ndama," alisema binti. "Tangu azaliwe, miezi mitano sasa. Maziwa ya kopo nayakoroga, anakunywa, anataka tena. Nesi anasema haongezeki uzito. Bibi anasema ni mlafi."

"Maziwa unakoroga kwa maji gani?"

Binti alimweka mtoto mapajani pa bibi yake, akaenda kwenye banda, akaweka bega, akalisukuma. Lilikuwa na magurudumu ya baiskeli kwa chini. Likasogea kama droo.

Kisima kilikuwa chembamba, kimejengewa matofali safi, na kifuniko cha mbao kilichokatwa duara vizuri. Kengele ikalia kwenye mita sita na nusu. Ndoo ya kwanza: elfu mbili na mia tisa.

"Vuteni," alisema Mkaguzi.

Dereva hakulalamikia goti. Ndoo ya kumi, elfu mbili na mia tisa. Ya ishirini, hiyo hiyo. Ya arobaini, wakati mashati yote yalikuwa yamelowa, elfu tatu kasoro hamsini.

"Hayashuki," alisema binti.

"Hayashuki kwa sababu yanakotoka ndivyo yalivyo."

"Hakuna aliyetia chumvi hapa," Bibi alisema kwa ukali, kama aliyeshutumiwa. "Hiyo chumvi ya yule bwana tumeisikia, haikufika kwangu."

"Najua, bibi. Alipeleka kwenye visima anavyovijua. Hiki ulikificha hata yeye hakukipata, basi hakuna atakayesema kilitiwa. Nimesikia uongo siku nzima, na huu wako ndio pekee ulionifaa."

Bibi hakucheka. Alikuwa akimtazama mtoto aliyelala na kitambaa mdomoni. Kisha akamwita binti, akamwambia alete mtungi wa ndani, ule wa maji ya kunywa. Ulipoletwa akaupindua mwenyewe kwenye vumbi, taratibu, mpaka tone la mwisho. Dereva akaenda garini bila kuagizwa, akarudi na dumu la maji ya ofisini, lita ishirini, akaliweka mlangoni.

Mkaguzi akaandaa fomu juu ya goti. Kina, upana, mwaka kilipochimbwa, vipimo vya ndoo ya kwanza mpaka ya arobaini. Bila sahihi ya mwenye kisima karatasi ile kesho ingekuwa ya kufungia karanga. Akaigeuza kumwelekea Bibi na kumpa kalamu.

Bibi hakuipokea.

"Nisomee."

Akamsomea mstari kwa mstari. Alipofika kwenye matumizi ya kisima, Bibi akainua kidole.

"Hapo umeandika nini?"

"Kunywa, kupika, kufua. Nyumba saba."

"Andika na mtoto."

"Bibi, fomu haina sehemu ya…"

"Wewe si ndiye mwandishi? Tafuta mahali."

Mkaguzi akaigeuza fomu huku na huku. Mistari yote ilikuwa imejaa. Mwisho akaandika pembeni, kwa kusimamisha, kwenye ukingo mweupe usiotakiwa kuandikwa kitu: *Mtoto mmoja wa kike, miezi mitano, anayatumia tangu kuzaliwa. Haongezeki uzito.* Akamsomea.

Bibi akaichukua kalamu. Aliandika jina lake polepole, herufi moja moja, kama anayeshona. Hakuliweka pale penye mstari wa sahihi. Aliliweka ukingoni, chini ya yale maneno.